Ngome ya Gent, Ngome ya Tabora

Hotuba iliyotolewa Brussels kwenye sherehe ya Uhuru, 9 Desemba

Watoto wetu, hamjambo?

Tumesikia sauti tatu nne zikijibu "hatujambo". Zilizobaki zimejibu "ça va". Hatuwalaumu. Lakini shikeni hilo jibu mkononi kidogo, maana tutalirudia.

Kamati ilituomba tuseme machache juu ya malezi ya watoto ugenini. Mada hiyo ni pana kama Ziwa Tanganyika, nasi hatuna mtumbwi wa kuivuka kwa dakika ishirini. Tukaamua tuwasimulie siku moja tu. Nyumbani kwetu kuna muuguzi mmoja, aliyeanza na cheti nyumbani Tanzania akaja kuchukua shahada ya uuguzi huku ugenini. Ndiye aliyetumwa kusimama mbele yenu. Lakini hatusemi kwa niaba yake peke yake, tunasema kama familia, kwa sababu kosa tutakalolisimulia lilikuwa letu sote, na faida yake vilevile. Mama yetu mzazi, ambaye watoto humwita Bibi, ametoa ruhusa kwa simu kutoka Tabora. Alisema, "Wasimulieni, ila msiwaambie kwamba niliogopa." Mama, utusamehe. Hilo nalo tutalisema.

Jambo lenyewe lilianza na karatasi tupu. Mtoto wetu wa kati, mwenye miaka minane, alipewa kazi shuleni juu ya ngome za kale. Kila mtoto alete picha ya ngome ya nchi ya wazazi wake. Mwenzake wa Kihispania alileta, wa Kimoroko akaleta, wa Kipolandi akaleta. Wetu alirudi na karatasi nyeupe mkobani. Tulipomuuliza, akajibu kwa Kifaransa, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Kwetu hazipo. Kwetu kuna wanyama."

Ndugu zangu, angelia tungembembeleza. Utulivu wake ndio uliotuchoma. Tukaulizana usiku ule, baada ya watoto kulala: ni nani aliyemfundisha hivyo? Tukakagua ukuta wa sebule yetu. Kuna twiga wa mti, kuna picha ya Mlima Kilimanjaro, kuna khanga, kuna kalenda yenye simba. Tukakiri kwamba sisi wenyewe ndio tuliomfundisha.

Wakati huo Mama alikuwa ameshapata viza ya siku tisini, anakuja kwa Pasaka. Tukasema, vema, tutawapeleka watoto wote na Bibi yao kwenye ngome kubwa ya Gent, inayoitwa Gravensteen. Waione ngome kwa macho, kisha tuzungumze habari za kwetu. Mpango ulikuwa mzuri. Tukakusanyika watu kumi na mmoja: sisi wazazi na watoto watatu, Mama, baba mdogo na mkewe na mapacha wao, na shangazi aliyetoka Antwerp. Tukapanda treni Brussels-Midi. Safari ya Gent ni kama nusu saa, lakini kwa kikosi kile ilikuwa kama msafara wa Ujiji. Kulikuwa na gari la mtoto, mikoba, miavuli, chupa mbili za chai, na kapu la baba mdogo lenye chapati, kuku, mayai ya kuchemsha na ndizi. Likumbukeni kapu hilo.

Kwa watoto ambao hawajafika Gravensteen, tuwaeleze kidogo. Imejengwa kwa mawe katikati ya mji, maji yakiizunguka. Aliyeijenga ni Filips van de Elzas, mtawala wa Flanders, na mwaka 1180 umeandikwa juu ya lango lake hadi leo. Alikuwa amekwenda vita vya msalaba, akaziona ngome za Mashariki, akarudi na fikra zake. Watawala walipohama katika karne ya 14, ngome ikawa mahakama na jela kwa mamia ya miaka. Baadaye, katika karne ya 19, ikageuzwa kiwanda cha pamba, na familia za wafanyakazi zikaishi humo ndani. Ilikaribia kubomolewa, kisha ikakarabatiwa, na mwaka 1907 ikafunguliwa kwa wageni. Na kisa ambacho vijana hukipenda ni cha tarehe 16 Novemba 1949. Siku hiyo wanafunzi wa chuo kikuu walijifungia humo ndani wakawarushia polisi matunda yaliyooza, kisa na mkasa bei ya bia ilikuwa imepanda. Vijana wetu, msijifunze hilo.

Mwanetu alipofika langoni akauliza swali ambalo hata mtu mzima angejivunia: "Adui alikuwa nani?" Tukamwambia mtawala alijilinda na maadui wa nje. Baba mdogo, ambaye amesoma vitabu vingi kuliko sisi, akatikisa kichwa. Akasema tazameni inavyosimama katikati ya mji. Wafanyabiashara wa Gent walikuwa wametajirika kwa nguo za sufu, wakijenga nyumba za mawe za ghorofa kama mabwana. Mtawala alitaka ngome inayowaambia kila asubuhi nani mkubwa. Kuta zile zilimkinga na watu wake mwenyewe pia. Mtoto akanyamaza, analitafuna hilo.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Ndani ya Gravensteen ni ngazi tupu, za mawe, nyembamba, za kuzunguka. Mama ana miaka zaidi ya sabini, magoti yamechoka, na ana kisukari, anachoma insulini. Tulipoona ngazi ya kwanza tukajua hawezi. Tungefanyaje? Tukampatia benchi uani, tukamfunika shali, tukamwambia, "Mama, pumzika hapa kidogo, tunarudi sasa hivi." Tukamwachia binti yetu mkubwa wa miaka kumi na mmoja amsindikize. Binti akanuna kidogo, akakaa na simu yake. Na sisi tukapanda: watu tisa, na baba mdogo mbele, kapu begani.

Hapo nadhani wauguzi wenzetu waliomo humu wameshashika vichwa. Mama alichoma insulini saa kumi na mbili asubuhi, akanywa chai na kipande cha mkate kwa haraka ya treni. Tulipanga ale saa sita. Treni ikachelewa, foleni ya tiketi ikawa ndefu, mapacha wakataka choo, na ilipofika saa saba chakula chake kilikuwa kinapanda ngazi kuelekea juu ya paa. Mgonjwa chini, kapu juu. Hospitalini tungemwandikia mtu barua ya onyo.

Huko juu tulikuwa na furaha zetu. Tuliona silaha za kale, tukaona vyumba vya mtawala, tukaona choo cha ukutani kinachoangusha kila kitu majini, na watoto wakacheka mpaka machozi. Tukawaeleza kwamba watu waliishi karibu na maji yale yale na magonjwa ya tumbo hayakuona ufalme wala umaskini. Kwenye chumba cha vyombo vya mateso na mashine ya kukata vichwa, kitindamimba wetu wa miaka mitano aliganda. Tukamfunika macho tukapita haraka. Wazazi, mkienda na wadogo, chumba hicho kipiteni. Yule mtoto alilala kitandani kwetu siku nne. Kisha tukatoka juu ya paa, upepo wa Aprili ukitupiga, tukauona mji wote, mnara wa saa na makanisa. Tukapiga picha ishirini na tatu. Katika picha zote ishirini na tatu, Mama hayumo.

Huku uani, Mama alianza kutetemeka. Akatokwa jasho katika ubaridi ule. Akamgeukia mjukuu akasema, "Mwanangu, nasikia kizunguzungu."

Binti yetu hakulijua neno hilo. Alisikia "kizungu". Akadhani Bibi anazungumza habari za Wazungu, labda za wageni waliokuwa wakipita uani. Akatabasamu kwa adabu, akaitikia, "Ndiyo, Bibi," akarudi kwenye simu.

Tunaomba tunyamaze kidogo hapo, maana hapo ndipo hotuba yetu yote ilipo.

Mama akarudia, "Kizunguzungu." Mtoto akaitikia tena. Mama alituambia baadaye kwamba wakati ule ndipo alipoogopa, na hakuogopa kifo. Alisema, "Niliogopa kwamba niko na damu yangu, imenishika mkono, na hainisikii."

Kilichomwokoa ni neno lingine. Kwa nguvu iliyobaki Mama alisema, "Sukari. Sukari." Neno hilo binti analijua kutoka jikoni, na hata kama asingelijua, linafanana na la Kifaransa. Akamtazama Bibi vizuri kwa mara ya kwanza, akaona jasho, akaona mikono. Mfukoni mwa koti alikuwa na kipakiti cha juisi. Akamwekea mrija mdomoni, akamshikilia, kisha akatupigia simu akilia. Tulishuka ngazi zile za miaka mia nane kwa namna ambayo hatukumbuki. Mashine ya kupimia sukari ilikuwa kwenye mkoba wetu, nao ulikuwa juu na sisi. Baada ya juisi ile yote ilisoma 58. Wote tunaofanya kazi hizi tunajua kwamba chini ya 70 ni sukari iliyoshuka, na kabla ya juisi ilikuwa chini zaidi ya hapo. Tukampa juisi nyingine, tukasubiri dakika kumi na tano, tukapima tena, ikapanda. Ndipo akala chapati yake na yai. Rangi ikamrudia usoni.

Ndugu zangu, sisi wauguzi wiki nzima tunahudumia watu wa mataifa yote. Hospitali nyingi za hapa zina wakalimani. Akija mzee wa Kituruki au wa Kipashtuni, tunajua ni marufuku kukisia maumivu yake, tunamwita mtu anayejua lugha yake. Na mama yetu mzazi tulimwacha mikononi mwa mtoto tuliyemlea wenyewe bila kumpa maneno ya kumwelewa. Shahada haikutusaidia. Kilichosaidia ni mtoto kuinua macho kutoka kwenye simu, na neno moja la jikoni.

Binti hakukosa. Tunalisema hili mbele yake na yuko hapa, mstari wa pili. Wewe ndiye uliyemwokoa Bibi yako. Tuliokosa ni sisi, tuliosema miaka yote, "Atajifunza akiwa mkubwa, kwanza afaulu Kifaransa na Kiholanzi."

Tulitaka kurudi nyumbani mara moja. Mama akakataa. Akasema, "Mmenileta kuona ngome, sijaona kitu ila benchi. Sasa kaeni nanyi muone yangu." Akamwambia mwanetu wa miaka minane aokote vijiwe. Watoto wakaokota. Mama akavipanga juu ya benchi, duara moja, na duara jingine ndani yake. Akasema, hapa ni Unyanyembe, karibu na Tabora, na hii ni ngome ya Mtemi Isike.

Baba mdogo akatafsiri, na safari hii binti yetu alikuwa anamsahihisha pale anaporuka maneno.

Mama aliwasimulia kwamba Isike alikuwa mtemi wa Wanyamwezi wa Unyanyembe, na Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara ya pembe kutoka Ujiji na Karagwe kwenda Bagamoyo. Atakayeishika Tabora ameishika njia. Wajerumani walipokuja kuitaka njia hiyo, Isike hakuitoa. Mwaka 1892 waliishambulia ngome yake zaidi ya mara moja wakashindwa. Januari 1893 akaja afisa aitwaye Tom von Prince na kikosi chake, wakavunja kuta wakaingia. Isike alipoona amezingirwa, akaingia kwenye chumba cha baruti akaiwasha. Hakufa papo hapo. Wajerumani walimtoa akiwa taabani wakamtundika.

Mama akakiondoa kijiwe cha katikati, akakitia mfukoni. Watoto kimya. Mwanetu akauliza, "Kwa hiyo ngome ilikuwepo?" Mama akajibu, "Ilikuwepo. Na jina la nyumba ya mtemi unalijua? Ikulu. Rais wako anakaa wapi Dar es Salaam?" Ndiyo, ndugu zangu. Neno hilo tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari lilitoka huko Unyamwezini na Usukumani, makazi ya mtemi. Na neno gereza, wataalamu wengi wa lugha husema lilitoka kwa Wareno, kwa neno lao la kanisa, tukaliona kwenye ngome za pwani. Tumezungukwa na ngome ndani ya lugha yetu wenyewe, na mtoto wetu alikuwa anabeba karatasi tupu.

Watoto, shikeni kalamu. Tunawapa za kuanzia, ili mwalimu akiuliza tena msijibu "wanyama".

Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14. Lina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogelea lenye pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule. Tangu mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Neno husuni maana yake ni ngome.

Iringa kuna Kalenga, boma la ukuta wa mawe la Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Huyu ndiye aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Walirudi na mizinga wakaiteka Kalenga Oktoba 1894, naye akaendelea kupigana msituni hadi 1898. Kichwa chake walikipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kwamba kirudishwe, kikarudi mwaka 1954, na leo kimo katika makumbusho ya Kalenga. Unguja kuna Ngome Kongwe. Mombasa, kwa majirani zetu Wakenya, kuna Ngome ya Yesu ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, nayo kama Gravensteen iligeuzwa jela. Ngome zina tabia moja popote duniani. Anayezijenga hudhani zitamlinda milele, kisha huja mwingine akazifanya jela, na mwishowe huja watoto na chapati.

Tulirudi Brussels jioni. Tungemaliza hapo, lakini wiki iliyofuata Mama alitaka kuona katikati ya mji. Tukampeleka Grand-Place, tukampigia picha, safari hii yeye akiwa wa kwanza. Tukatoka kwa upande wa Soko la Hisa, karibu na kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Mwanetu, ambaye siku hizo alikuwa anasoma kila kibao, akasimama ghafla akamvuta Bibi mkono: "Bibi, tazama! Wewe!"

Kibao kiliandikwa Rue de Tabora, Taborastraat.

Wengi wenu mmepita pale mara mia mkielekea dukani. Sisi pia. Mama alisimama chini ya kibao kile muda mrefu. Ukiuliza jina hilo limefikaje pale, jibu ni 1916. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wabelgiji lililoundwa na askari wa Kongo, likiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na kuwaondoa Wajerumani. Jenerali akapewa ubaroni wa Tombeur de Tabora, na kule Saint-Gilles kuna mnara wake. Jina la askari wa Kongo aliyetembea kwa miguu mpaka pale, na la mpagazi aliyembebea mzigo na kufia njiani, hayako kwenye kibao. Na wapagazi walikuwa maelfu kwa maelfu, wa Kongo na wa kwetu. Mama akasema, "Kwa hiyo hata wakati sijapata viza, nilikuwa nimeshafika." Tukacheka wote. Lakini baadaye nyumbani alisema jambo jingine taratibu: "Wao waliandika jina la kwetu ukutani kwao wasisahau. Ninyi mmeandika wapi?"

Na hapo ndipo sherehe ya leo inapoingia. Tabora haikuishia kwa Isike wala kwa Tombeur. Ni Tabora ambako Julius Nyerere alisoma sekondari na baadaye kufundisha. Ni Tabora, Januari 1958, ambako mkutano wa TANU ulijadili kama waingie au waususie uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini walikubali kuingia, wakashinda, na historia ikauita Uamuzi wa Busara. Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ikapandishwa, na Luteni Alexander Nyirenda akauweka mwenge juu ya Kilimanjaro. Mama alikuwa mtoto wa shule. Anakumbuka kwamba watu hawakulala, na kwamba alipewa soda yake ya kwanza. Kila mtu anaupokea uhuru kwa mdomo wake.

Mlango ambao Isike aliufunga kwa baruti, wenzake wa baadaye waliufungua kwa kura, katika mji ule ule. Watoto wetu wakilijua hilo, hawatahitaji kuambiwa wajivunie kwao.

Sasa ombi letu, kwa ufupi, maana pilau inanukia.

La kwanza, kwa wazazi. Tusisubiri watoto wajue Kiswahili chote. Tuanze na maneno ya mwili: kichwa kinauma, kifua kinabana, nasikia baridi, nasikia kichefuchefu, nimeishiwa nguvu, kizunguzungu. Sisi tumeyaandika kwenye karatasi, Kiswahili na Kifaransa, tukayabandika kwenye mlango wa friji alipokuwa simba wa kalenda. Kwa mtoto mwenye bibi, hayo ni huduma ya kwanza. Leo jioni nakala ziko mezani karibu na mlango, chukueni.

La pili, kwa safari za familia. Ngome za nchi hii ni nzuri, nendeni. Lakini mwulizeni kwanza mzee ataweza nini, sio watoto wataona nini. Kama kuna ngazi, wapandeni kwa zamu, mtu mzima mmoja abaki chini. Chakula na dawa za mgonjwa zikae na mgonjwa, siku zote. Mwenye kisukari asichome insulini bila kujua mlo unaofuata uko wapi na saa ngapi. Na mfukoni mwa kila mtoto kuwe na juisi.

La tatu, kwa chama. Tunapendekeza kila sherehe ya Uhuru mzee mmoja apewe robo saa asimulie mahali pamoja anapopajua, na vijana warekodi kwa simu hizo hizo tunazozilaumu. Wahenga walisema mkosa mila ni mtumwa. Sisi tunaongeza kwamba mila haipitishwi kwa kumweka Bibi kwenye benchi na sisi kupanda paani kupiga picha.

Mtajiuliza ile karatasi tupu iliishia wapi. Mwanetu alichora duara mbili za vijiwe, na katikati akaacha nafasi nyeupe. Mwalimu alipouliza kwa nini pale katikati hapana kitu, alijibu kwamba kijiwe cha pale kiko kwa Bibi, Tabora. Mchoro ukabandikwa ukutani kati ya ngome ya Hispania na ya Polandi. Mama alipoondoka siku zake tisini zilipokwisha, tulimkagua mizigo uwanja wa ndege kwa hofu ya kilo. Kijiwe kilikuwa kwenye kitambaa cha kichwa, kimefungwa fundo.

Na sasa tunawauliza tena, watoto, kabla hatujashuka: hamjambo?

Heri ya Uhuru.